Deni la watu wengine: kisa cha msimamizi aliyesamehe kisichokuwa chake

Majina nimeyatoa yote, kampuni sitaitaja wala bidhaa yenyewe, na vitu viwili vitatu ambavyo vingemfanya mtu aseme "aah huyu namjua" nimeviacha. Waliohusika wakuu ni watatu, nitawaita Msimamizi, Karani na Kijana. Mi mwenyewe nipo ndani ya kisa hiki, nilikuwa ofisi ya mishahara na kuna karatasi nilizisaini ambazo sikupaswa kuzisaini hivi hivi, kwa hiyo msomaji ajue kabisa kwamba naandika kama mtu aliyekuwemo.

Usuli

Kampuni ni ya usambazaji, inapokea mzigo kutoka viwandani, inauhifadhi, inautoa kwa wateja wa jumla. Stoo ilikuwa na watu 14. Msimamizi alikuwa anawaongoza wote, chini yake makarani wa stoo, madereva, na vijana sita wa kupakia na kushusha. Hawa sita ndo waliokuwa wanalipwa kidogo kuliko wote.

Msimamizi ni mkristo na hakuficha. Na niseme wazi, alikuwa bosi mzuri. Hakuwa anafokea watu, hakupokea zawadi za wauzaji hata kalamu, mtu akifiwa alikuwa anafika msibani yeye mwenyewe badala ya kutuma salamu tu. Alianzisha sala kila alhamisi asubuhi, dakika 20 kabla ya kazi kuanza, na hata wasiokuwa wa imani yake walikuwa wanakuja wanasimama nyuma kwa heshima tu.

Karani alikuwa mkubwa kwake kiumri, karibu miaka kumi, wanasali kanisa moja, na kule kanisani Karani ni mzee wa kanisa, Msimamizi ni muumini wa kawaida. Hili naomba msomaji alishike. Kazini huyu ni bosi wa yule, jumapili mambo yanageuka. Msimamizi alikuwa anamwita "mzee wangu" hata mbele ya mkurugenzi.

Sasa kwa sababu Karani anaaminika, alikuwa anafanya yote: anapokea mzigo, anaandika kadi ya stoo, anaingiza kwenye kompyuta na anatoa mzigo. Mkaguzi mmoja aliwahi kuuliza mbona kazi zote nne ziko kwa mtu mmoja, akajibiwa "huyu ni mtu wa Mungu", na jambo likaishia hapo.

Tukio la kwanza

Kwenye kuhesabu stoo kwa kawaida ya kila mwezi, katoni 19 hazikuonekana. Kompyuta inasema zipo, kadi ya stoo inasema zimetoka, rafu haina kitu. Msimamizi akachukua kadi akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Sehemu mbili namba 3 ilikuwa imefungwa upande wa kushoto ikawa 8, wino mweusi juu ya wino wa bluu, na sehemu moja 1 ilikuwa imeongezewa sifuri ikawa 10. Tano, na tano, na tisa. Kumi na tisa kamili.

Alifanya alichofundishwa, Mathayo 18:15, ndugu yako akikukosa nenda kamwonye wewe na yeye peke yenu. Alisubiri watu watoke akamwita ofisini akafunga mlango, akaweka kadi mezani bila kusema kitu. Karani aliitazama muda mrefu alafu akaanza kulia. Alieleza kwamba alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, alichukua hela ya wanachama kidogo akitegemea kurudisha, haikuwezekana, siku ya kugawana ikawa inakaribia, ndo akaanza kutoa katoni.

"Mbona hukuniambia, mzee wangu?"

"Ningekuambiaje? Mimi ndo ninayekuombea wewe."

Msimamizi alinisimulia mwenyewe kwamba jibu hilo lilimvunja kabisa. Wakapiga magoti, wakaomba, akamsamehe, Karani akaahidi kurudisha kidogo kidogo. Mpaka hapo hata mi nisingemlaumu sana. Lakini kesho yake ilibidi zile katoni 19 zipate maelezo kwenye ripoti, na Msimamizi akaandika kwa mkono wake, "ziliharibika wakati wa kushusha". Akasaini.

Tukio la pili

Ilipita kama miezi miwili na nusu wakaja wakaguzi wa ndani, wakahesabu kila kitu, zikakosekana katoni 64. Karani alikuwa hajarudisha hata moja na kumbe aliendelea.

Uongozi wa juu ukataka jibu ndani ya wiki. Palikuwa na utaratibu wa zamani pale, haujaandikwa popote ila kila mtu anaujua, kwamba upotevu usio na mwenyewe unagawanywa kwa wanaoshika mzigo, yaani wale vijana sita. Na rekodi ilikuwa inawakandamiza, maana miezi miwili nyuma kuna karatasi yenye saini ya msimamizi wao inasema katoni 19 ziliharibika wakati wa kushusha. Wakaguzi walisoma pale wakasema hawa vijana wana historia.

Hapo ndo Msimamizi alinyamaza. Alijua. Alimfuata Karani mara mbili akamwambia sema, Karani akawa anasema nipe muda. Kama Msimamizi angefungua mdomo kuhusu zile 64, ingebidi aeleze na zile 19, na ile saini ni yake. Huruma yake ya kwanza ilikuwa imeshamfunga. Karatasi ya makato ikapita, yakatwe kwa miezi miwili, na Kijana, ambaye mlinzi alisema alimwona akitoka amechelewa siku moja, akasimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Ukweli ni kwamba siku ile alichelewa kwa sababu Karani alimwomba abaki amsaidie kupanga mzigo.

Karatasi ilifika mezani kwangu ina saini tatu. Niliingiza makato kwenye programu ya mishahara, safu inaitwa "upotevu", majina sita, kiasi sawa kwa kila mmoja. Sikuuliza nani amesikilizwa. Nilikuwa nawahi kufunga mwezi.

Siku ya mshahara Kijana alikuja dirishani kwangu, ameruhusiwa kuingia kuchukua slipu tu, ameikunja mara nne imekuwa ndogo kama tiketi. Akaikunjua akaweka kidole. "Samahani mkubwa, hii upotevu ndo nini? Mi nimepoteza nini?" Nikamwambia aende kwa bosi wake. Akaniambia bosi wake kamwambia aje kwangu.

Alhamisi ile

Alhamisi iliyofuata sala ikaanza kama kawaida, Karani ndo anaongoza, na vijana watano waliobaki hawakuingia. Walisimama nje pale mlangoni pa kushushia mzigo, glavu mkononi. Msimamizi akatoka kuwaita. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye wajukuu, akamjibu kwa upole kabisa, "Bosi, nyie ombeeni humo ndani, sisi tutaombea huku."

Msimamizi hakurudi ndani. Aliniambia baadaye kwamba alisimama katikati ya mlango, nyuma yake anaisikia sauti ya Karani ikiomba Mungu abariki kazi ya mikono yetu, mbele yake wale watu watano na glavu zao, na hakuweza kwenda mbele wala nyuma.

Maamuzi aliyofanya na kwa nini

Usiku ule alisoma kwenye Biblia kitabu cha Hesabu 5:6-7, aliyekosa aungame, arudishe kamili alichokosa, aongeze na sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Alisema alishawahi kuisoma mara nyingi akifikiria wizi wa Karani, usiku ule ndo mara ya kwanza akajiona yeye mwenyewe kwamba ni mdaiwa. Anadaiwa na vijana sita.

Kwanza alimpigia Karani, akamwambia mzee wangu kesho saa tatu naingia kwa meneja, ukitaka kusema mwenyewe una usiku huu, ila mi nitasema. Hakumvizia. Karani alikata simu.

Asubuhi akaenda na barua ya kurasa mbili. Meneja alinionyesha baadaye kwa ajili ya mahesabu, na sentensi ya kwanza ilikuwa inahusu ripoti yake mwenyewe ya uongo, Karani anatajwa ukurasa wa pili. Aliomba kitu kimoja kabla ya adhabu yoyote kujadiliwa, makato yasimamishwe leo na yaliyokatwa yarudishwe, na Kijana aitwe kazini. Meneja akataka kusubiri uchunguzi uishe kwanza, Msimamizi akamwambia uchunguzi uendelee hata mwezi, lakini hawa watu nyumbani kwao hawali uchunguzi.

Kisha alienda kuwaomba radhi wale vijana, na aliwafuata pale pale mlangoni pa kushushia mzigo. Kuna mtu alimshauri afanye kwenye sala ya alhamisi iwe ushuhuda, akakataa, akasema kwenye sala mimi ndo mwenye nyumba, na mtu akiombwa msamaha mbele ya maombi hana nafasi ya kusema hapana. Akawaambia nilijua na nilinyamaza, na ninyi mkakatwa. Hakuwaomba wamsamehe palepale. Wawili walimpa mkono, mmoja aliondoka kabla hajamaliza kuongea.

Ile sehemu ya tano aliitoa mfukoni kwake. Alikuja kwangu na bahasha sita, nikamkatalia, nikamwambia hela ya bosi kwenye bahasha, mkono kwa mkono, baada ya kesi kama hii, kesho itasemwa umewaziba midomo. Tukaandika karatasi fupi kwa kila mmoja, hii ni ya nini, inatoka kwa nani, na kwamba kuipokea hakumzuii kulalamika popote, nakala moja kwenye faili. Mmoja hakupokea mpaka leo, na bahasha yake bado ipo kwenye kabati la ofisi.

Matokeo

Karani aliitwa kikao cha nidhamu, akapewa tuhuma kwa maandishi na siku za kujiandaa, akaja na mtu wake wa kumsindikiza. Msimamizi alitoa ushahidi wa kadi na akaeleza pia miaka tisa ya kazi nzuri ya Karani kabla ya hapo, vyote viwili, hakupunguza chochote. Karani aliachishwa kazi, kukawa na makubaliano ya kulipa kwa awamu.

Msimamizi alipewa onyo la mwisho la maandishi na akanyang'anywa mamlaka ya kusaini marekebisho ya hesabu kwa miezi sita. Kijana alirudi, akalipwa siku zote 17 alizokaa nje. Ila mwenzake mmoja kati ya wale sita aliacha kazi mwezi huo huo, hela yake amerudishiwa yote, akasema tu amechoka.

Kanisani watu waligawanyika, wengine wakasema Msimamizi amemuuza mzee wake. Msimamizi aliendelea kwenda nyumbani kwa Karani kila baada ya wiki mbili, miezi kama minne hafunguliwi mlango. Mwezi wa tano alifunguliwa. Walichoongea sikijui na sikuuliza.

Uchambuzi: kilichofeli

Kosa kubwa kwa maoni yangu wala sio kusamehe. Ni kusamehe deni ambalo sio lake. Kama Karani angemtukana Msimamizi, au angemwibia hela yake mfukoni, msamaha ule ungekuwa mzuri kabisa na ungeishia pale kwenye magoti. Lakini katoni zilikuwa za kampuni, na gharama ya kuficha ikaja kulipwa na watu sita ambao hata hawakujua kuna msamaha umetolewa. Kiongozi kazini ni wakili, yaani mtunzaji aliyekabidhiwa mali ya mwingine na watu wa mwingine, na 1 Wakorintho 4:2 inataka mawakili waonekane waaminifu. Msimamizi alikuwa na uwezo wa kumsamehe Karani kwa kumdanganya yeye, kumwombea, kumsimamia asizame, hata kumsaidia kulipa. Kufuta katoni 19 hakukuwa mkononi mwake. Paulo alipomwombea mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni hakusema tusahau, aliandika kama amekukosa au ana deni lako, lihesabu kwangu. Kuna mtu analipa pale, na anayelipa ni yule anayetaka huruma ipite. Kwa Msimamizi huruma ilipita alafu bili ikaenda kwa wapakiaji.

La pili, Mathayo 18 alisoma mstari mmoja. Mistari ya 16 na 17 inasema asiposikia chukua mmoja au wawili zaidi, akikataa peleka mbele ya wengi. Kuna ngazi. Alipomfuata Karani mara mbili peke yake baada ya zile 64, alikuwa bado kwenye ngazi ya kwanza wakati nyumba inaungua. Na mara nyingi tunapenda kubaki pale kwa sababu ni faraghani na hapatuaibishi.

La tatu ni lile jibu, "mimi ndo ninayekuombea wewe". Donald Cressey, msomi wa Marekani aliyewahoji wafungwa waliokuwa wameaminiwa na mali wakaiba, aliandika mwaka 1953 kwamba watu wale walikuwa na tatizo la hela ambalo waliona hawawezi kumwambia mtu yeyote, wakaona nafasi, na wakawa na maneno ya kujihalalishia. Angalia Karani sasa. Nafasi tulimpa sisi kwa kumwachia kazi nne. Maneno alikuwa nayo, nakopa tu nitarudisha. Na kutoweza kusema, hapo ndo naumia, kwa sababu kilichomziba ni cheo chake cha kiroho. Tulitengeneza sehemu ya kazi ambayo mtu anayeongoza sala hana mahali pa kukiri.

Alafu ile "mtu wa Mungu" aliyojibiwa mkaguzi. Paulo huyo huyo, 2 Wakorintho 8:19-21, alipokuwa anapeleka mchango wa makanisa alihakikisha anasindikizwa na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu, akasema wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume! Kama yeye alitaka kuhesabiwa, karani wa stoo nani amwondolee hilo? Kumhesabia mtu ni kumlinda asijaribiwe. Tulipomwacha Karani bila mtu wa pili tulidhani tunamheshimu.

Na makato. Hata ukiweka Biblia pembeni, Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka makato ya mshahara yawe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na utaratibu wetu wa kugawana hasara ulikuwa umetoka hewani. Walawi 19:15 inakataza kupendelea maskini na inakataza kumstahi mkubwa, uhukumu kwa haki tu. Sisi tulimstahi mkubwa. Karani alisikilizwa kwa wiki, Kijana hakuulizwa hata swali moja.

Kilichofanya kazi

Kuanza barua na kosa lake. Nimeona maungamo mengi ya viongozi ambayo yanamfikisha mwingine mahakamani kabla hayajafika kwa mwenyewe. Hii ilibadilisha hata sauti ya kile kikao, meneja aliyekuja na hasira akakuta mtu ameshajishtaki.

Kurudisha kabla ya kujadili. Zakayo, yule mtoza ushuru kwenye Luka 19, alitaja kurudisha mara nne akiwa bado amesimama, hakuna kamati. Vijana walianza kumwamini tena Msimamizi kuanzia pale slipu ilipobadilika, maneno yalikuja nyuma.

Kumpa Karani kikao cha haki ingawa ushahidi ulikuwa wazi. Kuna waliotaka afukuzwe siku ile ile, na nawaelewa, lakini Kijana alikuwa ametoka kuadhibiwa bila kusikilizwa, tungeponyaje kosa hilo kwa kulirudia kwa mwingine?

Nisichokubaliana nacho mpaka leo ni tangazo la kuachishwa Karani, mstari mmoja kwenye ubao, jina na tarehe. Mtu wa miaka tisa. Kuwa mkweli hakukulazimu kuwa mkavu vile.

Kuna walioniuliza kama Msimamizi alipaswa kujiuzulu. Nadhani hapana. Angeondoka angeacha vijana sita na utaratibu ule ule. Alibaki kwa aibu, akafanya kazi miezi sita akiomba saini ya mtu mwingine kwa kila marekebisho, na katika miezi hiyo ndo vitu vikabadilika: anayepokea mzigo haandiki kadi, kuhesabu kunakuja bila taarifa, na hakuna makato mpaka kosa la mtu mmoja mmoja lithibitike naye akiwa amesikilizwa. Sala ya alhamisi ipo bado, ila sio ya stoo tena, wanaotaka wanakutana wenyewe na Msimamizi haongozi.

Kwangu mimi, sasa hivi karatasi ya makato ikija bila karatasi ya kikao, inarudi ilikotoka. Mwezi uliopita Kijana alikuja tena dirishani na slipu yake, safari hii haijakunjwa, akaniambia mkubwa saa zangu za ovataimu umeandika 11, mi nimefanya 14. Nikafungua daftari la stoo tukahesabu pamoja. Zilikuwa 14.